Unanunua seva? Wacha kuhesabu kori, hesabu data

NIKIWA na miaka 24, Sacco moja ya wanabodaboda ilinikabidhi Sh200,000. Mwenyekiti akaniambia, "Kijana wetu, tutafutie kompyuta ya kuweka rekodi za wanachama."

Wasee, nilijiona nimefika. Siku hiyo hiyo nilishuka tao, nikazunguka Luthuli Avenue na Moi Avenue, na jioni nikarudi na seva ya mitumba, zile tunaita ex-UK, yenye kori 32. Nikaipiga picha, nikaiweka WhatsApp watu waone.

Kori, kwa asiyejua, ni zile injini ndogo ndani ya prosesa, kila moja ikifanya kazi yake. Pesa zilizobaki zilitosha RAM ya GB 8 na diski moja ya SSD ya bei ya chini kabisa, ile ya kuweka kwenye laptopu. UPS niliahirisha hadi mwezi uliofuata. Mwezi huo haukufika.

Miezi minne baadaye, Jumanne saa moja usiku, stima ilipotea. Iliporudi, hifadhidata ilikataa kuwaka kwa sababu faili zake zilikuwa zimeharibika. Nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya Jumapili usiku. Amana za siku mbili za watu wanaoamka saa kumi alfajiri kutafuta abiria zilikuwa zimeyeyuka.

Asubuhi nilikuta foleni mlangoni. "Mimi nilituma mia tatu juzi na jana nikatuma tena, sasa iko wapi?" mmoja akaniuliza. Mweka hazina, mama wa makamo, hakunipigia kelele. Alifungua daftari, akavaa miwani, na tukaanza kunakili meseji za M-Pesa kutoka simu moja hadi nyingine. Tulimaliza Ijumaa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba zile kori 32 zilikuwa zimelala muda wote huo. Ningelijua hilo kabla ya kununua, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la sita.

Wanachama walikuwa 1,500. Tuseme kila mmoja anaingiziwa rekodi mbili kwa siku, hiyo ni rekodi 3,000. Rekodi moja ya muamala ikichukua baiti 200, siku nzima ni chini ya MB 1, na mwaka mzima ni kama MB 220. Ongeza mara mbili kwa ajili ya faharasa, zile orodha zinazoisaidia hifadhidata kutafuta haraka. Baada ya miaka 5 unapata GB 2 na kitu. Na hata rekodi zote 3,000 zikiingia ndani ya saa moja, bado haifiki rekodi moja kwa sekunde.

Kazi hiyo kompyuta ya kori 4 inaifanya ikiwa imesinzia. Isitoshe, swali moja kwa hifadhidata kwa kawaida hutumia kori moja tu. PostgreSQL ilianza kugawa swali moja kwa kori kadhaa katika toleo la 9.6, mwaka 2016, na faida yake huonekana hasa kwenye maswali mazito. Ukiwa na watumiaji wachache, afadhali kori chache zenye kasi kuliko nyingi zinazojikokota. Nyingi zinakufaa watu mamia wakiuliza kwa pamoja, au bosi akitaka ripoti nzito kila saa.

RAM ndiyo hoja biashara ikikua. Kusoma kitu kilicho kwenye RAM huchukua takriban sehemu ya milioni kumi ya sekunde. Geuza muda huo uwe sekunde 1 ya kawaida. Kwa kipimo hicho, kusoma kwenye SSD ni kungoja kama dakika 17, na kwenye diski ya zamani inayozunguka ni zaidi ya siku nzima. Ndiyo maana duka la mtandaoni lenye GB 40 za data inayoguswa kila siku linahitaji RAM ya kuimeza yote kabla ya kufikiria kitu kingine. Si data yote uliyonayo, ni ile inayoguswa. Risiti za 2019 zinaweza kukaa kwenye diski.

Halafu kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi: mtu ananunua RAM ya GB 64 na hagusi mipangilio. PostgreSQL ikisakinishwa tu hujitengea MB 128 kwa ajili ya data, na MySQL pia huanza na MB 128. Mwongozo wa PostgreSQL unashauri uanze na robo ya RAM ikiwa mashine ni ya hifadhidata peke yake.

Sasa turudi kwa ile Jumanne. Hifadhidata ikipokea muamala, kwanza huuandika kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, kisha hungoja diski iseme "nimeandika" ndipo imjibu mteja. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hufanya mizunguko 120 kwa sekunde, kwa hivyo miamala ikiandikwa mmoja mmoja haiwezi kupita hapo sana. SSD ni haraka zaidi, lakini nyingi za bei rahisi huweka data kwanza kwenye kumbukumbu yao ya muda, na zipo zinazosema "nimeandika" kabla hazijamaliza. Stima ikikatika hapo katikati, uongo unajulikana.

SSD za seva huwa na kapasita ndani, zinazoshikilia umeme kwa muda mfupi diski ikimalizia kuandika. Ukienda dukani uliza hilo kabla ya kuuliza kasi. Muuzaji akikuangalia tu, mwombe namba ya modeli uisome mwenyewe. Nunua mbili, ziandike kitu kimoja. Lakini hiyo si nakala rudufu: ukifuta jedwali kwa bahati mbaya, linafutika kwa zote mbili. Nakala ikae jengo lingine, kila usiku.

UPS nayo si ya kukesha nayo. Kazi yake ni kukupa dakika kadhaa seva ijizime kwa adabu, kwa hivyo iunganishe kwa kebo ili iiambie seva stima imeenda. Agosti 25, 2023 giza liliikumba nchi karibu yote, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Kama huko kulizimika, sembuse ofisi iliyo juu ya duka la nyama choma.

Wengi huniuliza kwa nini wasikodi tu kwenye wingu. Kodi, ni poa, hasa kama hujui biashara itakua vipi, maana RAM unaongeza bila kufungua bisibisi. Ila bili nyingi huja kwa dola, na Januari 2024 dola moja ilipita Sh160. Soma pia kiwango cha diski unachopewa, kwa sababu mashine kubwa yenye diski iliyobanwa ni yale yale yangu ya kori 32.

Ukishakuwa na seva na inakwama, usikimbilie duka. Kwenye Linux fungua top saa ya watu wengi, uangalie namba iliyo kando ya "wa". Ikiwa juu, prosesa imekaa ikingoja diski, na kuongeza kori ni kuongeza wanaongoja.

Sacco sasa ina mashine ya kori 4, RAM ya GB 16 ya aina inayojirekebisha makosa, SSD mbili zenye kapasita na UPS. Ile ya kori 32 nilimuuzia jamaa wa kuhariri video, na imemfaa sana. Mweka hazina bado anaandika daftari lake kila jioni. Sijamwambia aache.