Je, Wajua? Maharamia Juu ya Vigae
Mahjong ya kompyuta, ile ya kuondoa vigae viwili viwili, ina vigae 144. Lakini anayeichorea sura ya maharamia anahitaji picha 42 tu! Picha 34 hurudiwa mara nne nne: nanga, dira, mzinga, kasuku begani. Nane zilizobaki hutokea mara moja moja, na hapo ndipo penye utamu. Kwa asili ni maua manne na misimu minne. Ua lolote huoana na ua lingine. Badala ya maua, chora bendera nne nyeusi, kila moja na fuvu lake.

Brodie Lockard, Mmarekani aliyepooza kwa ajali ya jimnastiki, alitengeneza mchezo huu wa kompyuta mwaka 1981. Alibonyeza vitufe kwa kijiti alichokishika mdomoni.