Kikapu na Daftari: Jinsi Kocha Anavyoweza Kumsaidia Msichana Kukua

Mwezi Januari 1892, mwanamke kijana aitwaye Senda Berenson aliwasili katika Chuo cha Smith, mjini Northampton, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kufundisha mazoezi ya viungo. Hakuwa mwanamichezo tangu utotoni. Alizaliwa Lithuania, akahamia Boston akiwa mtoto, na akakua na afya dhaifu. Alipenda kupiga piano, lakini maumivu ya mgongo yalimfanya ashindwe kukaa mbele yake kwa muda mrefu, akaacha masomo ya muziki. Mwaka 1890 alijiunga na chuo cha mazoezi ya viungo mjini Boston akitafuta nguvu tu. Mwanzoni aliyachukia mazoezi yale. Baada ya miezi kadhaa mwili ulianza kuitika, naye akaamua kuwapa wengine kile kilichomsaidia yeye.

Katika mji jirani wa Springfield, mwalimu James Naismith alikuwa amebuni mpira wa kikapu mwezi mmoja tu uliotangulia, Desemba 1891. Berenson alisoma habari za mchezo huo, akauona unawafaa wanafunzi wake. Zama zile watu wengi, baadhi ya madaktari wakiwamo, waliamini kwamba mwili wa mwanamke hauhimili misukosuko ya ushindani. Hata hivyo, tarehe 22 Machi 1893, wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili walikutana uwanjani, na wanaume hawakuruhusiwa kuingia kutazama. Inasimuliwa kwamba mpira uliporushwa juu kuanzisha mchezo, bega la mchezaji mmoja liliteguka. Likarudishwa mahali pake, mchezaji mwingine akaingia, na mchezo ukaendelea.

Berenson hakuishia kupuliza filimbi. Alihariri kanuni za mpira wa kikapu wa wanawake na kuandika makala kuhusu faida ya mchezo huo kwa mwili na tabia ya msichana. Kanuni zake, zilizougawa uwanja sehemu tatu na kukataza mchezaji kumpokonya mwenzake mpira, zimepitwa na wakati. Swali lililo nyuma yake bado lina uzito: je, mchezo unamfanyia nini msichana anayeucheza? Kocha hawezi kulijibu peke yake. Mwenye jibu ni msichana mwenyewe, ambaye mara nyingi haulizwi.

Anachokiona kocha na asichokiona

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016 zilionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya wasichana wenye umri wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikishi kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa, yaani dakika 60 kwa siku. Kwa wavulana idadi hiyo ilikuwa asilimia 78. Kwa hiyo kocha anayewakusanya wasichana kumi na wawili uwanjani kila jioni anafanya kazi ya afya, hata kama hajavaa koti jeupe.

Hata hivyo, kocha huona kile tu kinachotokea mbele yake: pasi iliyopotea, mchezaji aliyechelewa kurudi kulinda, mtupo uliogonga ubao. Chukua mfano wa msichana wa kidato cha tatu ambaye timu yake inamtegemea. Mashindano ya UMISSETA yanakaribia. Goti lake la kushoto limekuwa likimuuma kwa wiki mbili kila anapotua kutoka hewani. Hedhi yake haijaonekana kwa miezi mitatu. Mchana hali, kwa kuwa amesikia kwamba mchezaji mwepesi ndiye anayeruka juu zaidi. Hayo yote hamwambii mtu, akihofu kwamba akisema atakaa benchi, na nafasi yake itachukuliwa na mwingine.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini msichana huyu hafichi kwa ujinga. Anaficha kwa sababu hajapewa mahali pa kusema ambapo kusema hakumgharimu chochote.

Dakika kumi za kalamu

Hapa ndipo daftari linapoingia. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi 46 wa chuo kikuu. Kwa siku nne mfululizo, dakika 15 kila siku, baadhi yao waliandika kuhusu tukio lililowaumiza sana maishani, na wengine waliandika kuhusu mambo ya kawaida. Walioandika kuhusu tukio lenyewe pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda mara chache zaidi kwenye kituo cha afya cha chuo kuliko wenzao.

Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo. Zikijumlishwa, zinaonyesha kuwa faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Kalamu, basi, si mbadala wa dawa wala wa mshauri nasaha. Ni zana nyepesi na ya bei nafuu, ambayo manufaa yake hutegemea sana jinsi inavyotumiwa.

Kwa timu ya mpira wa kikapu, utaratibu unaofaa ni rahisi. Mazoezi yanapokwisha, wachezaji wakiwa bado wanapoa na kunywa maji, kila mmoja hufungua daftari lake na kuandika kwa dakika kumi. Maswali matatu yanatosha: Leo mwili wangu umeniambia nini? Ni jambo gani nimeliweza leo ambalo wiki iliyopita lilinishinda? Ni jambo gani ninalolibeba moyoni ninapokwenda nyumbani? Asiyetaka kujibu swali fulani aliruke. Aandike kwa lugha anayoiwaza, iwe Kiswahili, lugha ya nyumbani kwao au mchanganyiko wa zote.

Swali la kwanza humzoesha kuusikiliza mwili kabla haujapiga kelele. La pili humpa kipimo chake mwenyewe cha maendeleo, tofauti na ubao wa matokeo, maana timu inaweza kufungwa pointi ishirini siku ileile ambayo mchezaji mmoja amejifunza kutumia mkono wa kushoto. La tatu humkumbusha kwamba yeye ni mtu kabla ya kuwa mchezaji.

Daftari ni la mwenyewe

Kosa kubwa ambalo kocha anaweza kulifanya ni kulishika daftari hilo kama mwalimu anayesahihisha insha. Kalamu nyekundu ikigusa ukurasa mara moja tu, msichana ataanza kuandika kile anachodhani kocha anataka kukisoma, na kuanzia siku hiyo daftari halitakuwa na maana tena. Kocha hasahihishi tahajia, hatoi alama, wala hasomi bila ruhusa. Njia nzuri ni kukubaliana mapema kwamba ukurasa uliokunjwa hausomwi na mtu yeyote, na ukurasa ulioachwa wazi ni mwaliko wa mazungumzo.

Sharti jingine ni zito zaidi. Kocha asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Tangu siku ya kwanza awaeleze wachezaji kwamba akisoma au akiambiwa kuwa mtoto anadhuriwa, au kwamba anafikiria kujidhuru, atatafuta msaada, na mtoto huyo ataambiwa msaada huo unatafutwa wapi. Nchini Tanzania na Kenya, namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto hupigwa bila malipo. Nchini Tanzania wapo pia maofisa ustawi wa jamii na madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Kocha si mpelelezi wala mtabibu. Wajibu wake ni kusikiliza, kuamini, na kumfikisha mtoto kwa mwenye ujuzi.

Ishara ambazo wahudumu wa afya wazizingatie

Turudi kwa msichana wa kidato cha tatu. Siku moja anaacha ukurasa wazi. Ameandika mstari mmoja tu: goti limeuma tena, nimechoka. Kocha mwenye busara hamwondoi kikosini kwa hasira wala kwa hofu. Anamuuliza tangu lini, kisha anaongozana naye, pamoja na mzazi au mlezi, hadi kituo cha afya.

Mhudumu atakayempokea anahitaji kufahamu mambo mawili. Kwanza, katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, wasichana huumia kano ya msalaba ya mbele ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na nyonga, pamoja na kujifunza kutua magoti yakiwa yamekunjwa bila kuingia ndani, hupunguza hatari hiyo. Pili, mchezaji asiyekula chakula kinacholingana na jasho lake huweza kukosa hedhi, mifupa ikadhoofika na kinga ya mwili ikapungua. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu hali hii ya upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Kukosa hedhi kwa miezi mitatu mfululizo si dalili ya mazoezi mazuri, bali ni sababu ya kumwona daktari. Vivyo hivyo kwa msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo.

Hapo daftari huwa na faida nyingine. Badala ya kuulizwa maumivu yalianza lini na kujibu kwamba hakumbuki, msichana anafungua kurasa zake na kumsomea mhudumu tarehe, aina ya maumivu, alichokula na saa alizolala. Anaeleza mwili wake kwa maneno yake mwenyewe, na uamuzi kuhusu matibabu unafanywa naye akiwa mshiriki.

Huenda akakosa mashindano ya mwaka huu. Ni hasara kwake, na kocha asiidharau kwa kusema kwamba si kitu. Lakini goti lililopumzishwa na kutibiwa mapema lina nafasi nzuri ya kurudi uwanjani, na msichana aliyegundua kwamba kusema hakumfanyi afukuzwe atasema mapema zaidi safari nyingine. Wakati wenzake wakifanya mazoezi, anaweza kukaa pembeni na daftari lake, akihesabu pasi zao na kuandika anachokiona. Yeye bado ni mchezaji wa timu hiyo.