Stika haijazi tangi

Hivi majuzi tulikaa na mwendesha nduthi mmoja katika steji ya Othaya. Aliomba tusitaje jina lake, na ukisoma utaelewa kwa nini. Mwaka jana alipanga kwenda Moyale na kurudi: Nyeri, Nanyuki, Isiolo, kisha zile kilomita karibu 500 za lami kupitia Marsabit. Pikipiki alikuwa nayo, ile ile ya kubebea abiria. Pesa ndiyo hakuwa nayo, basi akatafuta mdhamini.

Alianza na mwenye duka la vipuri hapo mjini. Mzee akamuuliza: "Kijana wangu, ukifika Marsabit na stika yangu, nani wa huko atakuja Othaya kununua cheni?"

Swali zuri sana. Mdhamini hatoi sadaka, ananunua macho ya wateja wake. Mwaka 2004 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipotaka kutoka London hadi New York kwa pikipiki, kampuni ya KTM iliwakatalia. BMW ikawapa pikipiki, safari ikaonyeshwa kwenye televisheni, na mwaka 2007 waliposhuka hadi Cape Town wakipitia hapa Kenya, walikuwa tena juu ya BMW.

Kijana wetu hana televisheni. Ana simu, na ana wenzake wa steji ambao ndio wateja wa mzee. Hapo wakaelewana: mzee atoe tairi mbili, cheni na oili. Yeye atume video sita za njiani kwenye vikundi vya WhatsApp vya watu wa boda, na akirudi asimamishe pikipiki mbele ya duka, watu waone tairi zimelika kiasi gani. Kwa maoni yetu, watu maarufu wengi hawana makubaliano safi hivyo.

Lakini tairi si petroli. Wenzake wakamchangia, huyu Sh200, yule Sh500, zote kwenye laini yake ya kila siku. Laini hiyo ilikuwa na deni la overdrafti, na deni la aina hiyo hujilipa lenyewe pesa ikiingia tu. Mchango ukaanza kuliwa kabla hajawasha pikipiki.

Halafu ukaja ujumbe: kampuni ya helmeti ya ng'ambo imekuchagua, tuma Sh2,500 za kutoa mzigo bandarini. Akatuma. Helmeti anaingoja hadi leo. Tafadhali shika hili: mdhamini wa kweli hulipa, halipwi.

Alifika Marsabit na tairi nzuri na Sh300. Akampigia mzee, mzee akamtumia pesa ya petroli ya kurudi. Moyale hakuiona.

Nyumbani kulikuwa na jambo gumu zaidi. Wenzake walitaka hesabu. Aliomba taarifa ya miamala kwetu, akakaa nayo jioni tatu na kalamu, akitenganisha mchango na nauli za abiria. "Kuna wawili hawajanisalimia vizuri mpaka sasa," alituambia.

Kama wewe pia unachangiwa, usichanganye. Fungua till au laini ya pembeni isiyo na deni, na umwombe mtu mmoja wanayemwamini awe anaona kila kinachoingia. Na mdhamini, hata awe jirani, mwandikiane, hata kwa WhatsApp: anatoa nini, lini, na petroli ni ya nani. Neno "nitakusaidia" halina kiasi wala tarehe.

Ukidhaminiwa kwa pesa ili utengeneze video za mtandaoni, kumbuka kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilileta kodi ya asilimia 5 ambayo mlipaji huikata kabla ya kukutumia. Ukiahidiwa Sh20,000 zikaingia Sh19,000, usikimbilie kusema umeibiwa. Mwombe cheti cha kodi aliyokata.

Kijana anapanga kwenda tena, na mzee amekubali tairi nyingine. Safari hii mchango unaingia kwenye till, katibu wa steji anauona, na pesa ya petroli ya kurudi haitaguswa hadi afike Moyale.