Liwali Aliyechaguliwa kwa Uzee Wake

Vijana wetu wa Kisauni na Likoni wanaokesha mbele ya kompyuta wanaufahamu mchezo wa Crusader Kings, uliotungwa Uswidi na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Katika baadhi ya falme zake mfalme harithiwi moja kwa moja na mwanawe, bali makabaila walio chini yake ndio wanaomteua mrithi. Kila kabaila humpima mgombea kwa maslahi yake mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa Ujerumani mwaka 1273, wateuzi walipompita Ottokar wa Bohemia kwa kuwa alikuwa na nguvu kupita kiasi, wakamtawaza Rudolf wa Habsburg.

Lakini mwalimu wa historia aliyeko Changamwe hana haja ya kuvuka bahari. Na awaulize wanafunzi wake kwa nini Changamwe ilihesabiwa pamoja na Kilindini na Tangana katika Miji Mitatu, ilhali jirani yake Jomvu ilikuwa katika Miji Tisa ya upande wa Mvita. Miji hiyo Kumi na Miwili ilikuwa na masheikh wake, na Miji Mitatu ilisaidiana na Wadigo na Waduruma wa bara. Bila ridhaa yao, liwali hakuwa na mji wa kutawala.

Mazrui walikuwa maliwali kwa niaba ya imamu wa Oman. Ahmad bin Said alipoushika uimamu katika miaka ya 1740, Mohammed bin Uthman alikataa kumtambua, akauawa. Nduguye Ali aliikomboa Ngome, akatawala hadi alipouawa vitani Unguja katika miaka ya 1750. Baada yake hakuwekwa mwanawe, aliwekwa Masud bin Nasir, mtu wa tawi jingine la ukoo. Uteuzi huo, naamini, uliinusuru Mombasa, kwani Masud alidumu madarakani zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 1823 mambo yaligeuka. Liwali Abdallah bin Ahmed alifariki, na ndugu zake wawili, Salim na Mubarak, kila mmoja akautaka uliwali. Ili kuepusha fitina, akachaguliwa Sulaiman bin Ali. Huyu ni mwana wa yule Ali aliyeuawa Unguja. Piga hesabu, msomaji, nawe utaona kuwa alikuwa akikaribia miaka sabini, kama hakuipita! Alichaguliwa kwa sababu hakumtisha yeyote. Mwaka uliofuata bendera ya Waingereza ilipandishwa Ngomeni kwa ombi la Mazrui, wakitafuta kinga dhidi ya Seyyid Said, ikadumu hadi 1826. Hatimaye Salim alimwondoa mzee huyo.

Vitabu vingi huyalaumu majahazi ya Seyyid Said kwa kuanguka kwa Mazrui. Mimi nailaumu zaidi ile hila ya 1823, iliyoahirisha ugomvi pasipo kuumaliza. Salim alipofariki mwaka 1835, ugomvi wa urithi ulizuka upya, na safari hii masheikh nao waligawanyika. Baadhi yao, hasa wa Miji Mitatu, walimgeukia Seyyid Said. Mwaka 1837 mji ukawa wake. Wakuu wa Mazrui wakaitwa Ngomeni, wakakamatwa na kuhamishwa hadi Bandar Abbas. Maliwali waliofuata waliteuliwa kutoka Unguja.