Kanuni Inayochora

Mtu atazamaye picha katika kioo cha kompyuta huona uso, bahari au ua, lakini ndani ya chombo chenyewe hamna ila tarakimu; kwani taswira nzima imegawanywa katika nukta ndogo mno zilizopangwa safu kwa safu, na kila nukta, kwa kawaida, imepewa namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255, ambazo kwa kuchanganyika huweza kutoa rangi zaidi ya milioni 16. Ndiyo sababu nakala kamili ya tarakimu hizo haipungukiwi na kitu mbele ya asili yake.

Ajabu iliyo kubwa zaidi, kwa rai yangu, ni kwamba msanii aweza kuacha kuichora picha yenyewe, akatunga kanuni za kuichora. Msanii Vera Molnár, aliyezaliwa Budapest mwaka 1924 na kuhamia Paris mwaka 1947, alianza kuitumia kompyuta mwaka 1968. Na katika kazi zake za miaka ya 1970 aliiamuru ichore, kwa mtambo wenye kalamu, miraba ndani ya miraba, kisha akaingiza kiasi kidogo cha bahati nasibu, mistari ikatetemeka, hata ule unyofu wa hesabu ukapata uhai. Mashine ilitii tu. Kuamua picha ipi ibaki na ipi itupwe ilikuwa kazi ya jicho lake. Wanaodai kwamba sanaa ya namna hii haina mwenyewe hawajaitazama kwa insafu: Molnár aliishughulikia hadi uzeeni, akafariki mwaka 2023, na fahari ya kazi ile ni yake.