Andiko la Siku: Mstari Mmoja Asubuhi, Sura Nzima Mezani

Andiko la siku ni mstari wa Biblia uliopangiwa tarehe yake, usomwe asubuhi kabla ya kazi na ubaki moyoni mpaka jioni. Wakristo wa madhehebu mengi wanao utaratibu wa namna hii, ila wanaojulikana nao zaidi ni Wamoravian, ambao wamekuwa wakichapa kitabu chao cha maandiko ya siku kila mwaka tangu 1731.

Chanzo chake ni Herrnhut, kijiji cha Saksonia huko Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia waliopewa hifadhi katika ardhi ya kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728, Zinzendorf aliwapa waumini neno fupi la kushika kesho yake. Kulipokucha, neno hilo lilipelekwa nyumba kwa nyumba, katika nyumba zote 32 za kijiji. Aliyelipeleka alibisha hodi, akalitamka, akawajulia hali wenyeji. Tangu mwanzo, basi, neno na kujuliana hali viliingia kwa mlango mmoja.

Mpaka leo mistari ya Agano la Kale hupatikana kwa kura hukohuko Herrnhut, miaka kadhaa kabla ya mwaka wake kufika, kutoka katika akiba ya mistari zaidi ya 1,800. Mstari wa Agano Jipya haupigiwi kura: huteuliwa baadaye uendane na ule wa kwanza, kisha huongezwa ubeti wa wimbo au sala fupi. Kitabu hutafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Familia ya Tukuyu inapofungua ukurasa wa leo, inasoma andiko lilelile linalosomwa Herrnhut na Suriname.

Faida kubwa ya mpango huu ni kwamba msomaji hajichagulii. Mtu akiachiwa Biblia yote mbele yake, mkono huelekea palipo patamu: mwenye hasira hutafuta Zaburi za kuwaapiza adui, mwenye deni hutafuta ahadi za baraka. Andiko lililopangwa huja na ajenda yake. Siku ya ugomvi linaweza kuhimiza msamaha, na siku ya mafanikio likamkumbusha mtu mjane na yatima. Kuongozwa na Maandiko huanzia hapo, kwa kukubali kuambiwa jambo ambalo mtu hakuliuliza.

Lakini mstari uliong'olewa kwenye sura yake unaweza kupotosha. Yeremia 29:11, unaopendwa sana kwenye kadi na kalenda, unasema kwamba Mungu anawawazia watu wake mema. Anayeishia hapo hutarajia kazi mpya mwezi ujao. Anayeanzia juu kidogo hukuta kwamba ile ni barua kwa mateka waliohamishiwa Babeli, walioambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji uliowateka, maana wangengoja miaka 70. Ahadi ni ileile, ila sasa inadai subira na kazi ya mikono. Ndiyo maana kusoma sura nzima ni sehemu ya utii wenyewe.

Hatari nyingine ni kuligeuza andiko kuwa ramli. Wamoravian wa kwanza walipiga kura hata juu ya nani atumwe misheni na nani aoe nani, wakijitetea kwa mfano wa Mathiya, aliyepatikana kwa kura katika Matendo ya Mitume. Sinodi ya 1818 iliwaondolea waumini wa kawaida sharti la kura katika ndoa, na ilifanya vyema. Ndoa inahitaji hiari, ushauri wa wazee na muda wa kufahamiana, mambo ambayo Maandiko yenyewe hayayadharau.

Namna iliyo bora inaonekana kwa Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani aliyekisoma kitabu hiki cha Herrnhut kila siku. Juni 1939 alifika New York, ambako marafiki walimwandalia kazi ili aepukane na vita na utawala wa Hitler. Moyo haukutulia. Kwa siku kadhaa aliomba, akasoma, akaandika mashaka yake katika shajara, na tarehe 20 Juni akaikataa kazi ile. Siku sita baadaye alikutana na maneno ya Paulo katika waraka wa pili kwa Timotheo, anapomsihi kijana wake afanye bidii aje kabla ya majira ya baridi. Bonhoeffer aliyapokea kana kwamba ameandikiwa yeye, na mwezi uliofuata alipanda meli kurudi kwao. Andiko halikuamua mahali pake. Lilimkuta amekwisha kupima, ameamua na bado anatetemeka, likamtia nguvu ya kusimama pale pale. Aliuawa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, na hakuna ukurasa uliokuwa umemwahidi kwamba atanusurika.