Jina la Nyumbani na Jina la Benki

Mama mmoja alinijia dirishani Jumatatu mbili mfululizo. Mwanawe anayefanya kazi Muscat alikuwa ametuma ada ya mdogo wake wa kidato cha tano, shule imeshafunguliwa, na fedha hazionekani. Kule Oman zilikuwa zimekwisha kutoka kwenye akaunti ya kijana. Huku Dar es Salaam salio la mama lilikuwa lile lile. Mama akaanza kudhani mwanawe hajatuma. Kijana akaanza kudhani mama amezipokea, akazitumia kwa shida nyingine, na sasa anaona haya kusema. Nilipoutafuta ujumbe wa malipo niliukuta umefika kwetu siku 9 nyuma, umewekwa kando ukisubiri maelezo. Kijana alikuwa ameandika jina ambalo mtaa mzima humwitia mama yake, lile alilolipata alipojifungua mtoto wa kwanza, kisha akafuatisha la babu: Salum. Akaunti ilikuwa imefunguliwa kwa jina la kuzaliwa, na kwenye kitambulisho babu ameandikwa Salim.

Nimekaa kwenye meza ya malipo ya nje kwa miaka mingi, na kosa hili limewaumiza wateja wangu kuliko jingine lolote. Mtumaji humwandika mtu kama anavyomjua yeye. Benki humjua mtu huyo kama alivyojiandikisha.

Kati ya Muscat na Dar es Salaam hakuna noti inayosafiri. Kinachosafiri ni ujumbe, na akaunti hupunguzwa upande mmoja na kuongezwa upande mwingine. Mara nyingi benki mbili hizo hazina akaunti moja kwa nyingine, kwa hiyo ujumbe hupitia benki ya katikati; malipo yakiwa ya dola, benki hiyo kwa kawaida iko New York. Njia yenyewe ni mtandao wa SWIFT, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, lenye makao makuu Ubelgiji, linalounganisha taasisi za fedha zaidi ya 11,000. Kila benki iliyo njiani huusoma ujumbe ule na kujiuliza: nani anamlipa nani, wako wapi, na fedha hizi ni za nini? Haiulizi kwa udadisi. FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na utakatishaji fedha, kinataka katika pendekezo lake la 16 kwamba taarifa za mtumaji na mpokeaji ziambatane na malipo mwanzo hadi mwisho wa safari. Benki moja ikikosa jibu, fedha husimama hapo, na mara nyingi mteja haambiwi zimesimama wapi.

Jina na namba ya akaunti hufanya kazi mbili tofauti, na wengi huzichanganya. Namba ndiyo inayoelekeza fedha. Katika nchi nyingi kompyuta ya benki inayopokea huangalia namba kwanza, na mahali pengine huishia hapo hapo. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitoa hukumu kuhusu kampuni ya Tidal Energy, iliyokuwa imelipa zaidi ya pauni 217,000 ikidhani inamlipa msambazaji wake. Tapeli alikuwa ameipa namba nyingine ya akaunti. Kwenye fomu jina lilikuwa la msambazaji, namba ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, na fedha zikaingia kwa mtu huyo. Kampuni ilidai kwamba jina halikulingana, hivyo benki haikutimiza agizo lake. Majaji wawili kati ya watatu walisema benki zilifuata utaratibu wa kawaida wa malipo ya aina hiyo, ambao haukuwa na ukaguzi wa jina. Kampuni ikashindwa. Sheria ya biashara ya Marekani nayo huiruhusu benki kuitegemea namba hata jina likipingana nayo, mradi haikujua kwamba viwili hivyo ni vya watu tofauti.

Tangu hapo mambo yamesogea. Uingereza ilianza mwaka 2020 kumwonyesha mtumaji kama jina aliloandika linalingana na akaunti, na benki za nchi zinazotumia yuro zililazimika kufanya hivyo kuanzia Oktoba 9, 2025. Lakini kinga hizo zilitengenezwa kwa ajili ya pauni ndani ya Uingereza na yuro ndani ya Umoja wa Ulaya. Ndugu yako aliyeko Leicester anayekutumia fedha Tanga asizitegemee.

Jina kwa upande wake ndilo linalosimamisha fedha. Benki zetu za Afrika Mashariki kwa kawaida hulinganisha jina na akaunti kabla ya kumwingizia mteja malipo ya kutoka nje, na hapo ndipo desturi zetu za majina zinapokutana na fomu zilizotungwa kwa ajili ya watu wengine. Sisi tuna jina la mtu, la baba, la babu. Fomu ya Ulaya inataka jina la kwanza na jina la ukoo. Mtumaji mmoja ataweka jina la babu kwenye nafasi ya ukoo, mwingine ataweka la baba na kumwacha babu nje, mwingine ataandika la ukoo kwanza. Kisha yapo majina yenye tahajia zaidi ya moja: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Khamis na Hamisi, Said na Saidi, Yusuf, Yusufu, Yussuf. Mtu yule yule anaweza kuwa na tahajia moja kwenye cheti cha kuzaliwa, nyingine kwenye pasipoti, na ya tatu kwenye akaunti aliyofunguliwa na karani aliyeandika kama alivyosikia. Mwanamke aliyeolewa anaweza kuwa na jina la mume kwenye pasipoti na la baba benki. Wenye asili ya Oman wana ukoo unaoanza na Al, ambao wengine huuandika na wengine huuacha. Mwalimu, Alhaji, Bi, Dokta: vyote hivi ni heshima njema msikitini, kanisani na mtaani, na vyote viachwe nje ya fomu, kwa sababu hula nafasi. Muundo wa zamani wa ujumbe, ambao benki zimeutumia kwa miongo mingi, ulivipa jina na anwani ya mpokeaji mistari minne tu ya herufi 35 kila mmoja.

Wenye biashara wana mtego wao. Duka la Kariakoo linaweza kujulikana kwa jina lililoandikwa mlangoni huku kampuni iliyosajiliwa ikiitwa jina jingine, na akaunti iko kwa hilo la pili. Ile alama ya &, inayopendwa sana kwenye majina ya kampuni za kifamilia, haimo kabisa katika herufi za ujumbe wa zamani wa SWIFT; iandikwe kwa neno. Na anayeagiza bidhaa Guangzhou akikuta ankara ya kampuni inamtaka alipe kwenye akaunti ya mtu binafsi, asilipe hata senti moja hadi apate maelezo yanayoeleweka.

Kuna sababu nyingine ya jina kutazamwa kwa makini: kila jina hupitishwa kwenye orodha za watu, kampuni na meli zilizowekewa vikwazo. Nguvu ya ukaguzi huo ilionekana Februari 2016, wezi walipoingia kwenye kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh na kuagiza kwa SWIFT takriban dola milioni 951 zitolewe kwenye akaunti yake iliyoko Benki Kuu ya Marekani (Federal Reserve), New York. Dola milioni 81 ziliishia Ufilipino. Dola milioni 20 zilielekezwa kwa taasisi moja ya Sri Lanka, lakini wezi walikosea tahajia: badala ya “foundation” waliandika “fandation”. Benki ya katikati ikauliza, na fedha zikarudishwa. Maagizo mengine yalichunguzwa zaidi kwa sababu tawi la benki ya Ufilipino lilikuwa mtaa unaoitwa Jupiter, na Jupiter lilikuwa pia jina kwenye orodha ya vikwazo vya Marekani dhidi ya Iran, jina la meli ya mafuta. Neno moja kwenye anwani lilitosha. Sasa fikiria mtu mwema mwenye jina linaloshirikiwa na maelfu ya watu, ambaye mtumaji ameandika majina yake mawili tu, bila anwani. Mkaguzi hana cha kumtofautisha nacho na yule aliye kwenye orodha. Majina matatu kamili na anwani yenye mji na nchi humwokoa mtu wa namna hiyo usumbufu mwingi.

Baada ya jina, angalia msimbo wa SWIFT wa benki: una herufi 8 au 11. Nne za kwanza ni za benki, mbili za nchi, mbili za mahali, na tatu za mwisho, zikiwepo, ni za tawi. CORUTZTZ ni CRDB ya Tanzania. KCBLKENX ni KCB ya Kenya. Ukiona msimbo wa benki ya Mombasa hauna KE kwenye herufi ya tano na ya sita, simama hapo.

Nchi nyingine hutumia IBAN, yaani namba ndefu inayobeba nchi, benki na akaunti kwa pamoja. Ya Falme za Kiarabu ina tarakimu na herufi 23, ya Oman 23, ya Uingereza 22, ya Burundi 27. Uzuri wake ni zile tarakimu mbili zinazofuata herufi za nchi: hukokotolewa kutokana na zote zilizobaki kwa kugawanya kwa 97, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja hesabu inagoma na malipo hayaondoki. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hazitumii IBAN. Fomu ya Ulaya ikiidai kwa ajili ya akaunti ya Arusha, mtumaji asibuni. Amwambie mhudumu kwamba anatuma kwa namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT. Na kwa kuwa hatuna kinga ile, tarakimu zetu zisomwe mara mbili. Sifuri ya mwanzo hasa: ukiandika namba ya akaunti kwenye jedwali la kompyuta, sifuri hiyo hudondoka bila kukuambia.

Anwani nayo inabadilika. Kwa miaka mingi tulijaza sanduku la posta na jina la mji, ikatosha. Mfumo mpya wa ujumbe, ISO 20022, unataka mji na nchi vikae kwenye nafasi zake, na kwa ratiba iliyowekwa, anwani za kumwaga maneno ovyo zinafikia mwisho Novemba 2026. Kwa Tanzania jambo hili limekuja wakati mzuri, maana Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilizipa nyumba zetu namba na mitaa yetu majina. Kibao kile kilichopigiliwa ukutani kina kazi.

Uliza pia akaunti ni ya sarafu gani, kwa sababu dola zikiingia kwenye akaunti ya shilingi hubadilishwa kwa bei ya siku ya benki. Uliza nani analipa makato ya njiani. Mfanyabiashara anayedaiwa dola 5,000 akafikisha pungufu anaweza kukuta mzigo wake umezuiwa kwa tofauti hiyo ndogo, ilhali angeweza kuchagua kulipa makato yote mwenyewe.

Kosa likishatokea, mtumaji ndiye wa kwanza kuchukua hatua. Mpokeaji hana uwezo wa kurekebisha ujumbe ambao si wake. Mtumaji aende kwenye benki yake na nakala ya ujumbe wa malipo, aombe marekebisho ya jina, au arudishiwe kama fedha bado hazijaingizwa popote. Zikiwa zimeingia kwa mtu mwingine, kuzirudisha kwa kawaida hutegemea ridhaa yake au mahakama. Saa za mwanzo zina thamani kubwa.

Yule kijana wa Muscat alikwenda kwenye benki yake siku ile ile niliyompigia. Marekebisho yakafika, na Alhamisi fedha zikaingia. Mama alirudi, na safari hii aliomba barua yenye jina la akaunti kama lilivyo, namba, tawi, msimbo na mhuri. Akaipiga picha pale pale dirishani, akamtumia mwanawe, kisha akampigia. Kijana alikuwa na wasiwasi kwamba picha haisomeki vizuri. Mama akanipitishia simu chini ya kioo nimsomee. Nikamtajia jina la babu herufi moja moja, naye akizirudia nyuma yangu: S, A, L, I, M.